Inua godoro kwanza: miaka yangu ya kulala hosteli Kisumu na Western

Kabla sijaweka begi chini mahali popote pa kulala huwa nainua godoro. Hata kama nimetoka safari ya saa sita na miguu imevimba, hata kama yule dada wa kaunta amesimama mlangoni akiniangalia, nainua pembe moja nawasha tochi ya simu natafuta kunguni, naangalia mshono, alafu naangalia mahali mbao za kitanda zimeungana, alafu ukuta wa upande wa kichwa. Inachukua kama dakika tatu. Nikimaliza hapo ndio naanza kuuliza mambo ya maji na chakula.

Mimi ni mtu wa Nakuru, nimelelewa Langa Langa, na tangu 2017 kazi yangu imekua kukusanya data, ile ya kuenda boma kwa boma na tableti ukiuliza watu wamekula nini wiki iliyopita, mtoto amechanjwa, maji mnachota wapi. Kazi nyingi za hivo ziko huku magharibi ya Kenya, Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Bungoma. Unapewa kandarasi ya wiki tatu ama mwezi, unapewa alawansi ya kulala na kula, mahali pa kulala unajitafutia. Mwaka ule wa kwanza tulikua tunapewa 1,800 kwa siku. Wenzangu wengi walikua wanachukua rumu ya peke yao ya elfu moja hivi, na siwezi kuwalaumu manake ukishatembea jua la Kisumu siku nzima unataka mlango wa kufunga ukae peke yako. Lakini mimi nilikua na ndugu yangu mdogo chuoni na baba hayuko, kwa hivyo kila shilingi ilikua na mahali inaenda. Kitanda 600, chakula 500, boda 150, inabaki 550. Zidisha hiyo mara siku 21 unapata 11,550, na hiyo pesa ndio ilikua inafanya kijana aingie chumba cha mtihani.

Ukisema hosteli huku kwetu watu wengi wanafikiria wanafunzi, lakini ziko za aina nyingi na ni vizuri ujue ni gani unaendea. Kuna za makanisa, karibu kila mji mkubwa uko nayo, zinakua safi, bei nafuu, ila geti inafungwa mapema na pombe usiulize. Kuna zile za vituo vya mafunzo ya wakulima, hizi watu wengi hawazijui kabisa, serikali iliwajengea wakulima waje kusoma mambo ya ng'ombe na mahindi wiki moja moja, na wakati hakuna mafunzo unaweza kulipa kitanda kama mtu mwingine yeyote. Kuna hosteli za wanafunzi wa chuo wakati wamefunga. Na kuna zile za wasafiri wa kutoka nje, Kisumu ziko chache, dabodeka, vile vitanda vya juu na chini, sita ama nane kwa chumba kimoja, jikoni la pamoja, waifai, na wazungu wenye mabegi makubwa kuliko wao. Nimelala zote. Ninazozipenda ni za wakulima, manake ziko na uwanja mkubwa, miti, kimya, na mara nyingi mpishi wa hapo anapika ugali na sukuma ya mtu aliyekulia shamba. Ubaya wake ziko mbali na mji na ukichelewa saa mbili usiku boda itakuitisha 300, kwa hivyo ile 200 uliyookoa kwa kitanda imeisha na nyingine juu. Hiyo hesabu ya boda ya usiku niliifanya vibaya mwezi mzima kule Kakamega kabla nishtuke, na kule mvua inanyesha karibu kila jioni ile saa unatoka kazini, kutembea haiwezekani.

Sasa mambo ya godoro.

Ilikua kandarasi yangu ya pili, mji mmoja wa Western sitautaja kwa sababu hosteli ilikua moja tu na wenyewe wangejulikana. Wiki ya kwanza niliamka na vipele mkononi, vitatu vinne vimejipanga mstari mmoja, nikasema ni mbu. Lakini neti yangu ilikua mpya, haina tundu hata moja, na kila asubuhi vipele viko, mara shingoni, mara kiunoni mahali nguo imebana. Nilikua nashangaa mbu anaingilia wapi. Hakuna siku niliinua godoro. Nilimaliza wiki zangu tatu, nikafunga begi, nikapanda gari hadi Nakuru, nikafika nyumbani usiku nikaweka begi juu ya kitanda cha mama kwa sababu ndio kilikua karibu na mlango.

Karibu mwezi mmoja baadaye mama aliniita usiku kama saa nne. Alikua amekaa chini sakafuni, ameegemeza godoro ukutani, taa amesogeza karibu, na mkononi ana ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Alikua anapitisha ncha ya sindano kwenye mshono polepole kama mtu anachambua mchele, na kila baada ya inchi mbili tatu anatoa kunguni mmoja, anatumbukiza kwenye kikombe cha mafuta taa. Kikombe kilikua kimeshakua na weusi chini. Kulikua na vidoadoa vyeusi kwa kitambaa kama mtu amegusisha ncha ya biro, na vitu vidogo vyeupe vimeshikana, ndio mayai. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Huko unakolala, mwanangu, ndio kuko hivi?" Na mimi sikua na jibu manake nilikua namwambia kila siku kwa simu kwamba niko mahali pazuri.

Godoro tulichoma. Jipya lilikua 4,800. Fundi wa kupiga dawa alikuja mara mbili, 3,500 kila mara, kwa sababu dawa inaua wakubwa lakini mayai yanabaki, yanaanguliwa kama wiki moja ama siku kumi baadaye, kwa hivyo asiporudi baada ya wiki mbili umetupa pesa. Jumla 11,800. Mimi nilikua nimeokoa 11,550.

Tangu hapo nimesoma sana juu ya kunguni na nimeuliza mafundi wa dawa kila mahali. Kwanza sio mambo ya uchafu, hii watu waache kuaibishana, hosteli inaweza kua inapigwa deki mara mbili kwa siku na ikue na kunguni kwa sababu wanaletwa na begi la msafiri, kama vile mimi niliwapeleka kwa nyumba ya mama yangu ambaye anapanguza hadi miguu ya meza. Hawaruki wala hawana mabawa, wanatembea tu, na mchana wanajificha kwa mshono wa godoro, kwa nyufa za mbao, nyuma ya soketi, hata ndani ya matundu ya skrubu. Wanaweza kukaa miezi bila kula. Ile dawa ya mbu ya kopo haiwamalizi, wengi wameshaizoea, wanahamia tu chumba cha pili. Hawajulikani kuambukiza ugonjwa lakini usingizi wanachukua, na amani ya nyumba pia. Kitu wasichoweza ni joto kali. Kwa hivyo mimi nikirudi safari begi haliingii ndani, linabaki nje kwa mabati, nguo zote zinaenda kwa maji ya moto, zile haziwezi moto zinapigwa pasi hadi kwa mishono, na begi linakaa juani siku mbili. Na nikiwa hosteli begi halikai kitandani wala chini ya kitanda, linaning'inia kwa msumari ama linakaa juu ya kiti katikati ya chumba. Nikipata dalili kwa godoro naenda kwa kaunta naongea taratibu, bila kelele, naomba chumba kingine kisichopakana na hicho, na kama hakuna naomba pesa yangu. Mara mbili nimerudishiwa. Mara moja walikataa na nikaenda tu.

Kitu cha pili ni neti, na hii nawaambia sana watu wa kwetu, wa Nakuru, Nyahururu, Limuru, watu wa baridi.

Nakuru iko juu, kama mita 1,850, usiku unalala na blanketi mbili, mbu wa malaria sio kitu unakulia ukiwaza. Ukiteremka Kisumu unashuka zaidi ya mita mia saba, ukishapita Kericho na yale majani chai yote gari linaanza kuporomoka, ukifika Awasi na Ahero unaskia joto linakupiga usoni kupitia dirisha, na hapo umeingia ukanda wa ziwa ambao ndio una malaria nyingi kuliko mahali pengine pote Kenya. Mtu aliyezaliwa huko mwili wake umekutana nayo tangu utotoni, bado anaugua lakini kuna kinga kidogo ameijenga. Mimi na wewe hatuna hiyo kinga.

2018 nililala hosteli moja Kisumu, chumba cha vitanda sita, neti ziko lakini yangu ilikua na tundu la kupitisha ngumi, na nilikua mvivu wa kuomba nyingine, nikasema ni siku nne tu. Nikafunga tundu na kibanio cha nywele. Usiku wa tatu nilikua nimejigeuza mkono ukaegemea neti na kwa asubuhi mkono wote ni vipele, manake neti ikikugusa mbu anakuuma akiwa kwa nje tu, hiyo pia sikujua. Nikarudi Nakuru mzima kabisa. Siku ya kumi na mbili nikaanza kuskia baridi ya ajabu mchana kweupe, mifupa inauma, nikadhani ni homa ya kawaida ya Nakuru, nikanunua Panadol kwa kemisti. Nikakaa siku tatu hivo. Siku ya nne ndugu yangu alinibeba kwa boda hadi kliniki na kitu cha kwanza daktari aliuliza ni, "Umesafiri wapi mwezi huu?" Hakuna mtu alikua ameniuliza hivo, na mimi mwenyewe sikua nimefikiria, manake safari ilikua imeisha zamani kwa akili yangu. Wakatoa damu kidoleni, ikaonekana. Vidonge 24, vinne asubuhi vinne jioni kwa siku tatu, na ukule kwanza chakula chenye mafuta kidogo ndio dawa ishike vizuri.

Kwa hivyo shika hili: malaria haikupati siku umeumwa, inachukua angalau wiki, mara nyingi siku kumi hadi kumi na nne, na wakati huo uko nyumbani kwako kwa baridi na hakuna anayewaza mbu. Ukiugua ndani ya mwezi baada ya kulala kanda ya ziwa, mwambie daktari kabla hajauliza. Na neti mimi sai nabeba yangu, ile ya pembe nne, na kamba ya manila mita tano na misumari miwili, inakunjika kama sweta. Nikipata ya hosteli ni nzima nashukuru. Nikilala naikunja chini ya godoro pande zote na najiweka katikati nisiiguse. Hapo ndio dabodeka la chini linashinda la juu, kufunga neti kwa la juu ni kazi, dari iko karibu na feni inaweza kuivuta.

Kuna jambo lingine ambalo wanawake wanaosafiri peke yao wanalijua na hatuliongei vya kutosha. Rijista. Ukifika kaunta unapewa kitabu kikubwa unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, umetoka wapi, unaenda wapi, na hicho kitabu kinabaki wazi hapo mezani siku nzima kila mtu anapita akisoma. Usiku mmoja saa tano simu yangu ililia, namba sijui, mwanaume ananiita kwa jina langu lote la kitambulisho, anajua nimetoka Nakuru, anajua niko chumba gani, anasema yeye pia amelala hapo na ananikaribisha tuongee. Sikumjibu. Nilikaa macho hadi asubuhi nimesukuma kitanda mlangoni pamoja na msichana mwingine wa Bungoma tuliyekua naye chumbani, hatukujuana jana yake na sai tumeshikana mikono kwa giza tukiskia kila hatua ya ukumbini. Asubuhi nilimwambia meneja, akasema, "Pole dada, lakini kila mtu anaandika hapo," kama vile hiyo ndio jibu. Ilikua inaniuma zaidi kuliko simu yenyewe. Siku hizi nikiandika nageuza kitabu nikimaliza, nakifunga mwenyewe, na namwambia mwenye kaunta kwa heshima lakini bila kucheka kwamba namba yangu ni ya ofisi yao, si ya wageni. Na naandika ya laini yangu ya pili ambayo naizima usiku. Wenye hosteli kama mnasoma, kitabu kiwekwe ndani ya droo. Haigharimu hata shilingi.

Kabla sijaenda mahali huwa napiga simu, na maswali yangu sai ni machache. Maji yanatoka bombani ama ni ya ndoo, na yakipotea mnafanya aje. Neti iko kila kitanda. Geti inafungwa saa ngapi na ni nani anafungua nikichelewa. Chumba cha wanawake ni cha wanawake peke yake ama mtaniambia kingine nikifika. Kufuli naweka yangu. Swali la geti ndio linanionyesha mengi, kwa sababu kama mtu wa simu anasema "utapigia tu soja", yaani mlinzi, na soja hana jina wala namba, najua nitasimama nje. Nimesimama nje, Busia, saa nne na nusu, na tableti ya kazi kwa begi ya mgongo, dakika arobaini nikigonga. Soja alikua amelala upande wa jikoni. Tangu hiyo siku nikifika mahali mtu wa kwanza ninayemsalimia ni soja, namwuliza jina, namwambia kazi yangu inanichelewesha siku gani na gani, na jioni ya kwanza nikipita na chapati mbili namwachia moja.

Kuna msichana mmoja Mjerumani nilikutana naye Kisumu, hosteli ya karibu na njia ya Dunga, alikua anaenda kuona yale mawe makubwa ya Kit Mikayi siku iliyofuata alafu Kakamega kuona msitu. Yeye ndio aliniambia hosteli za aina hii zilianzia kwao. Nilienda kusoma na ni kweli. Mwaka 1909 mwalimu mmoja anaitwa Richard Schirrmann alikua ametembea na wanafunzi wake siku kadhaa kwa miguu, dhoruba ikawapata, wakalala kwa shule ya kijijini juu ya majani makavu, na usiku huo ndio akafikiria kwamba shule zote zinakua tupu likizo na watoto maskini wangeweza kusafiri kama wangekua na mahali pa kulala pa bei ya chini. 1912 hosteli yake ikawa ndani ya ngome ya zamani mjini Altena. Niliposoma hiyo ya kulala shuleni niliskia vizuri sana, manake sisi hatukuhitaji kuambiwa na mtu. Nani hapa hajalala darasani wakati wa michezo ama tamasha za muziki? Tulienda Kakamega nikiwa kidato cha pili, madawati yamesukumwa nyuma, magodoro yamepangwa chini wasichana arobaini, ubaoni bado kuna hesabu za watu wa shule hiyo, mwalimu wetu amelala mlangoni kabisa na kitenge ili mtu asitoke wala kuingia bila kumkanyaga. Hiyo ndio ilikua hosteli yangu ya kwanza na sikujua.

Lakini kama ningeambiwa nieleze kwa nini bado nalala vyumba vya watu wengi, hata sai ambapo ndugu yangu amemaliza chuo na alawansi imepanda, ningeeleza juu ya mama mmoja tu.

Ilikua hosteli ya kanisa Kisumu, sio mbali na Russia, ndivyo watu wa hapo wanavyoita hospitali kuu ya rufaa kwa sababu Warusi ndio waliijenga. Hosteli zilizo karibu na hospitali kubwa wageni wake wengi sio wasafiri, ni watu wenye mgonjwa. Chumba chetu kilikua na vitanda vinane na wanne kati yetu walikua wanauguza. Huyu mama alikua ametoka upande wa Ugunja, mume wake amelazwa, alikuja na thamosi, besheni, na leso mbili, moja amefunga pesa kwa pembe. Usiku alikua halali. Alikua anaomba kwa Kijaluo kwa sauti ya chini, saa nane, saa tisa, na mimi naamka saa kumi na moja kuenda Nyakach, na ukweli usiku wa kwanza nilikasirika hadi nikafunika kichwa na mto.

Asubuhi kulikua na soketi moja tu inafanya kazi, nayo iko ukumbini. Niliacha tableti hapo ikichaji nikaenda kuoga, kosa ambalo sifanyi, lakini chaji ilikua asilimia tisa na siku nzima ilikua mbele. Nilipotoka tableti haikuwepo. Hiyo tableti ni ya kazi, ukiipoteza unakatwa, ni mshahara wa nusu mwezi. Nilikimbia na taulo begani hadi nje na hapo kwa ngazi nikamkuta amekaa, tableti amefunga kwa leso, ameipakata kama mtoto, chaja amekunja vizuri. Akanisalimia asubuhi njema kwa Kijaluo, akaniita mtoto wangu: "Oyawore, nyathina. Nimeona kijana mmoja amepita hapo mara tatu." Alafu akanimiminia uji kwa kifuniko cha thamosi. Ule uji alikua amempikia mgonjwa.

Tulikaa pamoja siku tisa. Jioni nikirudi nampata amefua, na kama mgonjwa amekula vizuri anaongea sana, ananieleza vile mzee alikua seremala na ametengeneza viti vya kanisa lao vyote, na kama hajakula anakaa kitandani anakunja na kukunjua leso. Wote chumbani tulikua tumejua kusoma hiyo leso. Nilikua nimeacha kuskia maombi yake kama kelele. Kuna usiku aliskika amenyamaza na watu watatu wakaamka kumwangalia.

Siku ya kumi, asubuhi, alirudi kutoka wodi mapema sana akasimama mlangoni hakuingia. Hakulia. Alisema, "Mzee ameenda." Yule dada wa kitanda cha karibu na dirisha, wa Vihiga, mwenye mtoto wake bado alikua ICU, ndiye alimshika kwanza.

Hakukua na mtu wa familia Kisumu siku hiyo, kijana wake alikua njiani kutoka Mombasa. Kwa hivyo chumba ndio kilikua familia. Wa Vihiga alipiga simu kwa kijana, mimi nilimpigia supavaiza nikasema leo nitachelewa, mwingine akaenda naye mochari. Jioni tulichanga. Watu saba, hakuna mwenye pesa, kila mmoja anahesabu anachobakiza cha mgonjwa wake. Ilifika 1,350. Hata mwenye kaunta aliongeza mia mbili. Mama alifungua pembe ya leso akaweka, akafunga tena, akatuambia ero kamano, yaani asante, mmoja mmoja kwa jina, na mimi hadi hiyo siku sikua najua kwamba anajua majina yetu yote. Asubuhi yake tulimsindikiza hadi steji, besheni mimi ndio nilibeba.

Nilimwandikia namba yangu kwa kipande cha karatasi. Sikutarajia kitu, unajua watu wenye msiba wanakua na mengi.

Ilipita kama miezi mitano. Niko nyumbani Nakuru, simu ikalia, ni kondakta wa basi za Busia kuenda Nairobi, anasema ana mzigo wangu kutoka Ugunja nikuje steji haraka basi haliegeshi. Nilikimbia. Ni kagunia kadogo kameshonwa mdomo na uzi mweusi, juu jina langu na namba zimeandikwa na makaa, na ndani ni gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia, za omena, dagaa wa ziwa, kavu, ndogo ndogo zile tamu. Nauli ya mzigo ilikua imeshalipwa huko alikotoka. Nilimpigia palepale nikiwa nimesimama kwa vumbi la basi, akaniambia mazishi yalienda sawa, viti vya kanisa vilitosha watu wote, na kijana amerudi kukaa nyumbani. Akaniuliza ule mtoto wa dada wa Vihiga alipona. Nikamwambia alipona, alitoka hospitali mwezi uliofuata. Alinyamaza kidogo alafu akasema Mungu ni mwema.

Nilipofika nyumbani mama yangu alikutana na mimi mlangoni, akaangalia gunia, akaniambia nilikung'utie nje kwanza. Nikakung'uta. Akalipokea, akanusa, akaenda kuweka sufuria.